Halmashauri imenipangia nyumba ya mtu binafsi badala ya nyumba ya kaunsili: je, nikatae?

Swali: Mimi ni mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Tanga, ninaishi mashariki mwa London na ninafanya kazi zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Tangu mwaka 2021 tuko katika makazi ya muda, baada ya halmashauri kukubali kwa maandishi kwamba ina wajibu wa kutupatia makazi. Sasa nimeletewa barua kwamba tumepangiwa nyumba ya mtu binafsi huko Chatham, Kent, kwa kodi ya pauni 1,450 kwa mwezi, na nimepewa siku chache za kujibu. Muda wote huu nilikuwa ninasubiri nyumba ya kaunsili, yaani ya halmashauri yenyewe. Watu wananiambia nikatae, kwamba nyumba ya kwanza ni ya kujaribu tu. Je, wana haki ya kutufanyia hivi, na nikikataa itakuwaje?

Jibu: Dada yangu, naanza na lisiloweza kungoja. Usiikatae nyumba hiyo, hata kama una hakika kwamba haiwafai wewe na watoto. Ikubali kwa maandishi, kisha, ndani ya siku 21 tangu ulipoarifiwa, andika barua nyingine ya kuomba mapitio ya uamuzi wa halmashauri kwamba nyumba hiyo inawafaa. Kifungu cha 202 cha Sheria ya Nyumba ya mwaka 1996 kinamruhusu mtu aliyepangiwa nyumba kuomba mapitio hayo, awe ameikubali au ameikataa, na ruhusa hiyo, ambayo wengi katika jamii yetu hawaijui, ndiyo inayotenganisha familia inayodai haki yake ikiwa ndani ya nyumba na familia inayoidai huku mabegi yako mlangoni.

Hao wanaokuambia kwamba nyumba ya kwanza ni ya kujaribu wanakutakia mema, lakini wamekosea, na kosa hilo limeshaziumiza familia nyingi. Halmashauri iliyokubali wajibu kamili wa kumpatia mtu makazi inatakiwa kumpa nyumba moja tu inayofaa. Ikiwa imekueleza kwa maandishi kwamba hiyo ni nyumba ya kupanga kwa mtu binafsi, ikakueleza matokeo ya kuikubali na ya kuikataa, na ikakujulisha haki yako ya kuomba mapitio, basi ukikataa wajibu wake kwako unakoma, na kinachofuata ni notisi ya kuhama katika makazi ya muda. Ukiomba mapitio baada ya kukataa, halmashauri inaweza kuwaacha mkae hapo mlipo hadi uamuzi utoke, lakini hailazimiki kufanya hivyo. Mapitio yakikataliwa, ombi jipya linalorudia maelezo yale yale linaweza kukataliwa mara moja, na mlango utakaobaki ni idara ya ustawi wa jamii, ambayo ina wajibu kwa watoto chini ya Sheria ya Watoto ya mwaka 1989 lakini haikuundwa kuwa mgawaji wa nyumba. Isome basi barua yako tena, sentensi kwa sentensi, na kama moja kati ya maelezo hayo ya lazima halimo, liandike pembeni, kwa kuwa kasoro hiyo ni hoja ya kisheria inayosimama peke yake.

Sasa nirudi kwenye swali lako la kwanza. Ndiyo, halmashauri ina haki ya kukupa nyumba ya mtu binafsi, ila haki hiyo haikuwapo zamani, na ndiyo maana watu waliofika Uingereza miaka ya 1990 wanakushauri kwa uzoefu ambao wakati wake umepita. Hadi Novemba 2012, mtu aliyekubaliwa kuwa hana makazi aliweza kuikataa nyumba ya mtu binafsi na wajibu wa halmashauri kwake usikome, akabaki katika makazi ya muda mpaka ipatikane nyumba ya halmashauri yenyewe au ya chama cha nyumba, yaani shirika lisilo la faida linalopangisha nyumba. Sheria ya mwaka 2011 iliyopanua mamlaka ya serikali za mitaa ndiyo iliyobadilisha jambo hilo, na mabadiliko hayo yalianza kutumika tarehe 9 Novemba 2012. Ninayoyaeleza hapa yanahusu England peke yake. Scotland na Wales zina sheria zao, na ndugu aliyeko Glasgow, Scotland, anaweza kukupa ushauri ulio sahihi kwake na usiofaa kwako.

Chanzo cha yote haya ni uhaba, na uhaba huo ulitengenezwa na watu. Mwaka 1980 serikali ya Margaret Thatcher iliwapa wapangaji wa halmashauri haki ya kununua nyumba walizokuwa wakiishi kwa punguzo kubwa, na tangu wakati huo karibu nyumba milioni 2 zimeuzwa England. Familia nyingi za wafanyakazi zilipata umiliki ambao zisingeupata kwa njia nyingine, na siwezi kuwalaumu walionunua. Ninachokiona kuwa dhuluma kwa vizazi vilivyofuata ni kwamba halmashauri zilizuiwa kwa miaka mingi kutumia sehemu kubwa ya fedha za mauzo kujenga nyumba nyingine, na nyumba nyingi zilizouzwa ziliishia mikononi mwa watu wanaozipangisha, hata leo yapo maghorofa yaliyojengwa kwa fedha za umma ambamo halmashauri hiyo hiyo inamlipa mmiliki binafsi kodi ya soko ili aihifadhi familia isiyo na makazi. Katika orodha za kusubiri nyumba za England zimo kaya zipatazo milioni 1.3, na mwaka 2025 kaya zaidi ya 125,000 zilikuwa katika makazi ya muda kama wewe. Ofisa aliyekuandikia barua hana nyumba alizozificha kabatini. Hana, na analazimika kuchagua nani apelekwe wapi. Lakini uchaguzi huo una mipaka iliyowekwa na sheria, na ni kwenye mipaka hiyo ndipo penye nafasi yako.

Mpaka wa kwanza ni umbali. Kifungu cha 208 cha Sheria ya Nyumba kinaitaka halmashauri iwapatie watu makazi ndani ya eneo lake kadiri inavyowezekana, na mwongozo wa serikali unaongeza kwamba ikishindikana, basi iwe karibu iwezekanavyo na mahali walipokuwa wakiishi. Tarehe 2 Aprili 2015 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya mama wa watoto watano ambaye Halmashauri ya Westminster ilimpangia nyumba karibu na Milton Keynes, takriban kilomita 80 kutoka katikati ya London, na alipokataa ikasema wajibu wake umekwisha. Majaji walikubaliana wote kwamba halmashauri ilikosea. Haitoshi, walisema, kuandika kwa jumla kwamba kuna uhaba wa nyumba London. Halmashauri inapaswa kuonyesha ilitafuta wapi, kwa nini hakukuwa na nafasi karibu zaidi, na ilipima vipi athari kwa familia husika, hasa kwa watoto. Mahakama ilieleza pia kwamba ingefaa kila halmashauri iwe na sera ya wazi, iliyoidhinishwa na madiwani na kuwekwa mahali pa kusomwa na umma, inayosema ni familia zipi zibaki ndani ya eneo, zipi ziwekwe jirani na zipi ziweze kupelekwa mbali. Iombe sera hiyo kwa barua pepe leo. Ukiisoma utagundua kwamba mara nyingi inawataja waziwazi watoto waliokaribia GCSE, yaani mitihani ya shule ya vijana wa miaka 16, wazazi wenye kazi ya kudumu, na watu wanaomtunza ndugu mgonjwa, na kama wewe umo katika mojawapo ya makundi hayo huku barua yako haisemi lolote juu yake, halmashauri imekiuka maneno yake yenyewe.

Chatham iko takriban kilomita 50 kutoka katikati ya London. Kwa mfanyakazi wa ofisini umbali huo ni wa kawaida, lakini wewe unafanya zamu ya usiku, na agizo la serikali la mwaka 2012 kuhusu ufaafu wa makazi linaitaka halmashauri ipime, miongoni mwa mengine, usumbufu kwa ajira yako, kwa elimu ya watoto na kwa majukumu yoyote ya kumtunza mtu, pamoja na umbali wa hospitali au huduma mnazozitegemea. Usiandike tu kwamba ni mbali. Eleza zamu inaanza saa ngapi na kumalizika saa ngapi, treni ya mwisho na ya kwanza ni za saa ngapi, nauli ya mwezi ni kiasi gani ukilinganisha na mshahara wako, na nani atakaa na watoto katika saa hizo ambazo sasa pengine wanakaa na jirani au shangazi yao. Hapa jamii zetu zina jambo ambalo maofisa hawalioni wasipoelezwa: malezi yetu hutegemea watu, mama mdogo, mke wa kaka, mwalimu wa madrasa anayewapokea watoto jioni, na mtandao huo haumo katika fomu yoyote ya halmashauri. Uuweke ndani kwa maelezo na kwa barua fupi za watu hao wenyewe, zenye saini na tarehe.

Mpaka wa pili ni fedha, na kwa maoni yangu hoja yako iliyo nzito kuliko zote iko hapa. Nyumba ambayo familia haiwezi kumudu kodi yake bila kujinyima mahitaji ya msingi haifai kisheria, hata ikiwa nzuri kiasi gani. Tarehe 12 Juni 2019 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya mama wa watoto wanne dhidi ya Halmashauri ya Birmingham. Kodi yake ilikuwa pauni 700 kwa mwezi, ruzuku ya kodi ilikuwa pungufu kwa pauni 151.49, na halmashauri ilidai kwamba angeweza kuziba pengo hilo kwa kubana matumizi ya chakula na mahitaji mengine ya nyumbani. Mahakama ilikataa. Ilisema kwamba posho za serikali zimekadiriwa kukidhi mahitaji ya kuishi na si mfuko wenye ziada ya kuchotewa kodi, na kwamba swali la kuulizwa ni iwapo matumizi ya familia ni ya busara kwa ustawi wa watoto.

Liweke basi shauri lako katika mwanga huo. Kuna kikomo cha jumla ya posho ambazo kaya yenye watoto inaweza kupokea: nje ya London ni pauni 22,020 kwa mwaka, yaani pauni 1,835 kwa mwezi, na ndani ya London ni pauni 25,323 kwa mwaka. Leo kikomo hicho huenda hakikugusi, kwa sababu hakimhusu mzazi anayepata kipato sawa na angalau saa 16 za kazi kwa wiki kwa kima cha chini cha mshahara. Lakini kama umbali wa Chatham utakufanya uiache kazi, na usipate nyingine kabla ya kwisha kwa muda wa neema wa miezi 9 wanaopewa waliokuwa wakifanya kazi mfululizo, kikomo kitakukuta, na baada ya kulipa kodi ya pauni 1,450 zitabaki pauni 385 kwa mwezi kwa ajili ya chakula, umeme, nguo na nauli za watu wanne. Hata kabla ya kufika huko, ruzuku ya kodi kwa wapangaji wa watu binafsi imewekewa kiwango cha juu kwa kila eneo, kilichokadiriwa kwa kodi za chini za soko na kisichopandishwa tangu Aprili 2024. Tafuta kiwango cha eneo la Chatham kwa nyumba yenye idadi ya vyumba mnavyostahili, uone pengo ni kiasi gani. Hesabu hiyo iandike yote, mstari kwa mstari, mapato upande mmoja na matumizi upande wa pili, kisha uiulize halmashauri ilifanya hesabu gani yenyewe. Nimeona maamuzi mengi yakibadilishwa kwa sababu ofisa hakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba aliwahi kupiga hesabu.

Mpaka wa tatu ni hali ya nyumba na ya mwenye nyumba. Halmashauri hairuhusiwi kukupangia nyumba ya mtu binafsi iliyo katika hali mbaya, isiyo na cheti halali cha usalama wa gesi, isiyo na cheti cha matumizi ya nishati, yenye nyaya za umeme za hatari au isiyo na tahadhari za moto, wala ya mwenye nyumba asiye mtu wa kuaminika, na inapaswa kuwa imeuona mkataba wa maandishi na kuridhika nao. Omba nakala za vyeti hivyo kabla ya kutia saini, na siku ya kuiona nyumba nenda na mtu mwingine, pigeni picha za kuta, dari na madirisha. Amana haiwezi kuzidi kodi ya wiki 5 kwa kodi ya kiwango chako, na ni lazima iwekwe katika mfuko wa hifadhi unaotambuliwa ndani ya siku 30. Dalali akikudai malipo ya kuandaa mkataba, usilipe. Malipo hayo yamepigwa marufuku England tangu tarehe 1 Juni 2019.

Barua ya kuomba mapitio haihitaji maneno ya wakili. Inatosha kusema kwamba umeikubali nyumba lakini unaomba mapitio ya uamuzi kuwa inafaa, na kwamba utaleta sababu kamili baadaye. Mradi barua hiyo ifike ndani ya siku 21, ushahidi unaweza kufuata. Omba pia nakala ya faili lako lote. Mapitio hufanywa na ofisa mwandamizi ambaye hakuhusika na uamuzi wa awali, na kwa kawaida yanapaswa kukamilika ndani ya wiki 8. Yakikuendea vibaya, una siku 21 za kukata rufaa katika mahakama ya kaunti, kwa hoja za kisheria tu, na hapo utahitaji wakili. Kesi za watu wasio na makazi zimo katika mambo ambayo serikali bado inagharimia msaada wa kisheria kwa wenye kipato kidogo, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba wakili ni wa matajiri. Anza na kituo cha sheria cha mtaa wako, au mashirika ya hisani ya ushauri kama Citizens Advice na Shelter, na ikiwa Kiingereza cha kisheria kinakuchosha, omba mkalimani bila kuona haya. Tafadhali usimtumie mwanao wa shule kutafsiri barua za aina hii, kwani mtoto hubeba hofu ya maneno asiyoyaelewa, na kosa dogo la tarehe linaweza kuwagharimu wote.

Najua utauliza kama kuishi kwa mtu binafsi ni salama. Usalama wake ni mdogo kuliko wa nyumba ya halmashauri, ambako kodi iko chini ya soko na mpangaji wa kudumu hawezi kutolewa bila sababu nzito mbele ya hakimu, lakini si mdogo kama ulivyokuwa. Sheria ya Haki za Wapangaji, iliyopata idhini ya mfalme tarehe 27 Oktoba 2025, inafuta kuanzia tarehe 1 Mei 2026 ile notisi ya kumtoa mpangaji bila kutaja sababu, na inageuza mikataba kuwa endelevu badala ya kuwa ya muda maalumu. Mwenye nyumba anayetaka kuuza au kuhamia mwenyewe hawezi kufanya hivyo katika miezi 12 ya kwanza, na baada ya hapo lazima atoe notisi ya miezi 4. Kodi inaweza kupandishwa mara moja tu kwa mwaka, na ongezeko unaloliona limepita kiasi unaweza kulipinga katika baraza la usuluhishi wa masuala ya nyumba. Linaloniogopesha kwa watu wa kipato chako ni malimbikizo: ukidaiwa kodi ya miezi 3, sheria bado inampa mwenye nyumba njia ya moja kwa moja ya kukutoa, na ndiyo maana nimelikazia suala la hesabu kuliko lolote lingine.

Limebaki jambo la nafasi yako katika orodha ya kusubiri. Ukiikubali nyumba na wajibu wa halmashauri ukakoma, utapoteza kipaumbele ulichopewa kwa sababu ya kukosa makazi, lakini hilo haliondoi jina lako moja kwa moja. Kuna sababu nyingine za kupewa kipaumbele, kama msongamano wa watu chumbani, ugonjwa, au ulazima wa kuishi mahali fulani ili kuepuka madhara, na baadhi ya halmashauri humwachia daraja lake la kipaumbele mtu aliyekubali nyumba ya mtu binafsi, wakati nyingine humshusha au kumfuta akishaishi nje ya eneo kwa muda. Kila halmashauri ina kanuni zake za ugawaji, na inalazimika kisheria kuzichapisha. Waandikie uulize, kwa maneno haya haya, daraja lako litakuwa lipi baada ya kuhamia Chatham na litadumu kwa muda gani, na barua hiyo itume kando na ile ya mapitio, kwa sababu orodha hushughulikiwa na watu wengine ambao hawataiona barua uliyomwandikia ofisa wa mapitio.